Mwanangu yuko mwaka wa pili Uhasibu na Fedha, hesabu za duka langu zimemshinda

MamaPembejeo (Makambako)

Kamwene wadau. Nina duka la pembejeo hapa Makambako: mbegu, viuatilifu, mabomba ya kupulizia, chakula cha kuku. Mbolea niliiacha, ina mambo mengi. Kijana wangu mkubwa anasoma shahada ya Uhasibu na Fedha, amemaliza mwaka wa pili. Chuo sikitaji, shida yangu siyo chuo. Mtoto si mtoro, si mlevi, hajawahi kusapu (kurudia mtihani), na GPA yake baba yake anaitangaza mpaka kwa madereva wenzake kwenye foleni ya malori Tunduma.

Likizo hii nikamwambia: baba, mimi najua nina duka, ila sijui duka linanipa nini. Mwaka jana nilipata faida, au nilikuwa nazungusha hela tu? Nikamkabidhi madaftari matatu. La kwanza la mauzo, anaandika binti wa dukani, na watu wakijaa anasahau. La pili la mali kauli, yaani waliochukua mzigo kwa mkopo, hilo nalilinda kuliko kitambulisho changu. La tatu lina kila kitu: namba za simu, michango ya harusi, mabati, nauli, dawa ya mbwa. Akakaa nayo sebuleni na kompyuta yake, mimi napeleka chai na kutoa vikombe. Mwisho akaniambia, "Mama, hapa hakuna data."

Hakuna data! Duka linalomlipia ada halina data. Baba yake alipoambiwa alicheka kwenye simu mpaka akakata.

Nikafungua daftari lake la chuo nione wanafundishwa nini. Alipokuwa kidato cha sita mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) nilikuwa naelewa kidogo, maana alinichorea herufi T, debiti kushoto, krediti kulia. Sasa hivi ni thamani ya leo ya hela ya kesho, hatifungani, gharama ya mtaji, kodi ya zuio, takwimu, na viwango vya kimataifa vyenye namba namba. Duka sikuliona humo.

Namba ninazozijua mimi bila daftari ni hizi. Kila Januari huwa nafunga mlango nahesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia. Januari ya mwaka jana mzigo ulikuwa milioni 14.2, nilikuwa nawadai wakulima milioni 2.3, mkononi na kwenye simu nilikuwa na laki tisa, na msambazaji wa Mbeya alikuwa ananidai milioni 3.4. Januari hii mzigo ni milioni 11.8, nawadai wakulima milioni 6.9, mkononi na kwenye simu 450,000, msambazaji ananidai milioni 5.75. Agosti katikati hapo mume wangu aliniongezea milioni 2 nikanunua mzigo. Mzigo umepungua, deni limepanda, hela hakuna. Mimi naita hasara. Kijana anasema hawezi kuiita chochote.

Halafu kuna mkopo. Taasisi moja ndogo ya mikopo imeniletea karatasi: milioni 6, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, rejesho 620,000 kila mwezi. Nikamuuliza mwanangu, shahada yako si ina neno fedha? Hii nayo vipi, nichukue? Akasema atapiga hesabu. Bado anapiga.

Jirani yangu ana binti mwenye cheti tu cha uhasibu, ndiye anafunga vitabu vya SACCOS yao. Sasa mniambie nyie mliopita huko: hii shahada inamfundisha mtu kufanya nini hasa? Nisije nikawa namtesa mtoto kwa madaftari ambayo hata mtu mwenye digrii mbili yangemshinda.


Kijana_Soweto (Mbeya)

Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu kozi hiyohiyo, naomba nimtetee mwenzangu.

Sisi mtihani unaanza hivi: "Salio zifuatazo zimetolewa kwenye vitabu vya kampuni fulani kufikia tarehe 30 Juni." Umeona hapo? Kuna mtu tayari alikusanya risiti, akaandika leja, akatoa salio. Sisi tunapokea kuanzia hapo, tunaweka marekebisho, tunatoa taarifa ya faida na mizania, tunapata alama 25. Wewe mama umempa mpishi mahindi bado yako kwenye magunzi ukamwambia aweke ugali mezani.

Mada ya biashara isiyo na vitabu kamili ipo, tuliisoma mwaka wa kwanza. Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakuja swali moja na watu wengi wanaliruka kwa sababu linakula muda. Nikiwa mkweli, wengi tunasoma kwa madesa ya kaka zetu: unakusanya mitihani ya nyuma, unaona swali gani linajirudia, unalikariri mpaka namba. Ukibadilishiwa jina la kampuni unatoboa, ukibadilishiwa swali lenyewe unaangalia dari.

Na mwaka wa pili, mama, ndio unaochuja watu. Uhasibu wa gharama, kodi, takwimu, fedha za kampuni, vyote kwa pamoja, na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) limechelewa. Asiyesapu mwaka huo si mtu wa kawaida.

Kitu kingine muulize anasoma mkondo gani. Mzumbe, kwa mfano, Uhasibu na Fedha wameugawa, kuna wa sekta ya umma na wa sekta ya biashara. Wa umma anaelekea kwenye bajeti za Serikali na mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi. Huyo duka lako litamshangaza zaidi.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo ingetufundisha, ila wengine tulipelekwa ofisini tukapewa kazi ya kupanga mafaili na kugonga mihuri. Sisemi ni wapi.


Dada_wa_Mbao (Mafinga)

Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya misitu huku Mufindi, CPA, yaani nimeandikishwa na bodi ya wahasibu. Kabla watu hawajaanza kumsema mtoto, naomba namba moja tu ambayo hujaitaja, na ndiyo iliyomkwamisha.

Mwaka jana ulichukua shilingi ngapi dukani kwa mambo yasiyo ya duka? Ada, chakula cha nyumbani, mabati, misiba, kila kitu. Usiweke kodi ya fremu wala mshahara wa binti, hayo ni ya duka. Nitajie hata kwa makadirio, lakini usinifiche. Kama una kuku nyumbani na wanakula chakula cha dukani, sema pia.


MamaPembejeo (Makambako)

Marahaba mwanangu. Umeniingilia mpaka bandani!

Ada milioni 1.5. Chumba chake na hela ya kula milioni 1.8, bumu alipata nusu. Nyumbani tunakula kama 250,000 kwa mwezi, hiyo yote inatoka droo ya duka. Mabati na mbao za nyumba ya uani milioni 2.6. Misiba, harusi, kanisani, weka laki saba. Chakula cha kuku sijawahi kuhesabu, ni mifuko kadhaa. Kiache.

Nina na ekari mbili za parachichi Njombe, zilianza kuzaa mwaka juzi. Hela yake haiingii dukani. Sijui kama nayo unaitaka.


Dada_wa_Mbao (Mafinga)

Asante mama. Parachichi tuliweke pembeni kwanza, nitalirudia.

Ulichochukua: 1.5 + 1.8 + 3.0 + 2.6 + 0.7 = milioni 9.6. Kuku tumewasamehe.

Sasa Januari ya mwaka jana duka lilikuwa na thamani gani mkononi mwako? Mzigo 14.2, jumlisha madeni ya wakulima 2.3, jumlisha taslimu 0.9, toa deni la msambazaji 3.4. Mtaji wako ulikuwa milioni 14.0.

Januari hii: 11.8 + 6.9 + 0.45 − 5.75 = milioni 13.4.

Mtaji umeshuka kwa laki sita. Wewe umeishia hapo ukasema hasara. Lakini katikati ulichota milioni 9.6 na duka bado limesimama, kwa hiyo zirudishe: 13.4 − 14.0 + 9.6 = milioni 9.0. Humo ndani kuna milioni 2 za mzee ambazo duka halikuzitafuta, zitoe. Duka lilipata faida ya milioni 7.0.

Njia hii ndiyo hiyo aliyoitaja kijana wa Soweto, ya vitabu visivyokamilika. Haihitaji daftari la mauzo hata kidogo. Inahitaji kuhesabu mali na madeni mwanzo na mwisho, na hilo umelifanya kila Januari bila kufundishwa na mtu. Mwanao alitafuta data kwenye madaftari, na data ilikuwa kichwani kwako. Kitu ambacho darasani hatufundishwi vizuri ni kumhoji mwenye biashara. Mimi mwenyewe nilijifunzia kazini, kwa kukaa na wenye viwanda vya mbao ambao hesabu zao zote ziko kwenye kumbukumbu na kwenye ukuta wa banda.

Ila usishangilie, sijamaliza. Hiyo milioni 6.9 unayowadai wakulima, yote utalipwa? Kuna ya msimu huu, watakuja wakivuna. Ya misimu miwili nyuma ni kiasi gani? Hiyo isiyolipika lazima iondolewe kwenye faida. Na huo mzigo wa milioni 11.8 uliuhesabu kwa bei ya kununulia, sawa, lakini kuna pakiti za mbegu zilizopitwa na tarehe? Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinasema mzigo unaandikwa kwa bei ya kununulia au kwa kile utakachopata ukiuuza, ile iliyo ndogo. Hizo namba namba ulizoziona kwenye daftari la mtoto, mojawapo ndiyo hii inayozungumzia rafu yako ya nyuma. Bodi yetu ya wahasibu, NBAA, iliamua nchi ifuate viwango vya kimataifa kuanzia Julai 2004, ndiyo maana vimejaa darasani.

Kwa nini faida ipo na hela haipo? Huku kwetu jambo hili ni la kila siku. Kampuni ina misonobari. Kiwango namba 41 kinataka kila mwaka tuipime miti kwa thamani ya soko, tukitoa gharama za kuiuza, na ongezeko liende kwenye faida. Mti haujakatwa, haujauzwa, uko pale unapigwa na ukungu, vitabu vinasema faida. Mwezi huohuo mimi natafuta hela ya dizeli ya matrekta. Kwako ukungu huo ni daftari la mali kauli: deni la wakulima limepanda kutoka 2.3 mpaka 6.9, yaani milioni 4.6 za faida yako wamekaa nazo wao. Nyingine zipo kwenye mabati na kwenye kichwa cha mwanao.

Parachichi. Mti unaozaa miaka mingi, iwe parachichi, chai au kahawa, tangu 2016 umetolewa kwenye kiwango namba 41 ukapelekwa namba 16, pamoja na majengo na mitambo, unaandikiwa uchakavu. Tunda likiwa mtini linabaki namba 41. Hilo linawahusu wenye makampuni, wewe halikulazimu. Kinachokuhusu ni kwamba shamba ni biashara nyingine na lipate daftari lake. Usije ukalipia vibarua wa Njombe kwa droo ya Makambako halafu ukatuuliza duka limekulaje.

Nijibu hayo mawili, madeni ya zamani na mbegu.


Mstaafu_Sokomatola (Mbeya)

Mama Pembejeo, habari za huko. Mimi nimestaafu uhasibu wa halmashauri. Nimeanza na leja za mkono, ikaja mifumo ya kompyuta, kwanza Epicor, nikaondoka wakati MUSE inaingia. Hesabu ya huyu binti wa Mafinga ni safi, sina la kuongeza hapo.

Naongeza juu ya kijana. Sisi tulianzia chini. Unakaa na hati za malipo mwaka mzima: hii ina sahihi ngapi, kiambatisho kiko wapi, risiti ya EFD (mashine ya kodi) ipo, kodi ya zuio imekatwa. Unachoka, unaona kazi ya kijinga, halafu siku moja mkaguzi anakuja na wewe peke yako ndiye unayejua karatasi iko kabati gani. Mkaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, hana habari na GPA. Anataja namba ya hati, unaiweka mezani au huiweki. Usipoiweka inaandikwa hoja, hoja zikizidi halmashauri inapata hati yenye shaka, na mkurugenzi anakuita kwa jina lako lote.

Vijana wa siku hizi wanaanzia juu. Wanaujua uchambuzi wa uwiano, wanaijua Excel, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukimpa bahasha la risiti anauliza data iko wapi. Na wengi wanaamini urari, yaani jumla ya debiti na ya krediti, ukilingana basi kazi imekwisha. Mlipaji alitoa 900,000, wewe ukaandika 90,000 pande zote mbili, urari unalingana vizuri sana, na 810,000 hazipo.

Kwa hiyo mama, likizo hii asikufungie hesabu za mwaka jana, hizo zimeshakadiriwa. Akuwekee utaratibu wa kesho. Daftari moja la fedha: zilizoingia, zilizotoka, salio kila jioni, lilingane na droo na simu. Daftari la madeni lenye tarehe na sahihi ya mkulima, au dole gumba. Na hela ya nyumbani ichukuliwe mara moja kwa wiki, iandikwe jina lako kama mtu mwingine yeyote. Yule binti wa dukani afundishwe yeye, kwa sababu ndiye anayeshika kalamu. Vitabu hivyo vitakusaidia hata TRA wakija na makadirio, utakuwa na cha kuwaonyesha.

Umeuliza atafanya nini na hiyo shahada. Binti wa jirani mwenye cheti kufunga vitabu vya SACCOS si ajabu, na kijana wako asimdharau. Siku hizi hata zahanati na shule za msingi zinatoa hesabu zao kwenye mfumo, FFARS, na anayejaza mara nyingi ni muuguzi au mwalimu ambaye hajasomea. Kazi ya kuandika inafanywa na wengi. Shahada inampeleka kwenye kuamua: deni hili lifutwe au lisubiriwe, mkopo huu uchukuliwe au uachwe, taarifa hii isainiwe au irudishwe. Akimaliza aende NBAA. Mwenye shahada ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati, halafu ya mwisho, mitihani ni Mei na Novemba, na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ndipo aandikishwe CPA. Bila hiyo taarifa zake zitabaki kusainiwa na wengine.


MamaPembejeo (Makambako)

Shikamoo baba Mstaafu. Asanteni wote, nimesoma nikamsomea na baba yake.

Madeni ya zamani nimeyapitia na kijana jana usiku, jina kwa jina. Milioni 1.6 ni za misimu miwili iliyopita. Mmoja amehamia Mbarali kulima mpunga, mwingine ni ndugu wa mume wangu, kwa hiyo hiyo nayo haipo. Mbegu zilizopita tarehe ni za laki nane. Kijana akatoa haraka haraka: 7.0 − 1.6 − 0.8, faida milioni 4.6. Nikamwambia taratibu! Mbegu hizo huwa namrudishia msambazaji wa Mbeya, ananibadilishia nusu. Kwa hiyo hasara ni laki nne, faida milioni 5.0. Yeye akang'ang'ania 4.6. Tumebishana mpaka taa ikazimwa. Mimi nasema tano.

Mkopo nao ameumaliza, na hapa sina budi kumsifu. Kumbe asilimia 2 wanaipiga juu ya milioni 6 yote kila mwezi, hata mwezi wa kumi na moja ambapo nimebakiza deni dogo tu. Riba yote 1,440,000. Akaniambia kama wangepiga asilimia 2 juu ya salio linalobaki, rejesho lingekuwa kama 567,000 na riba yote kama 808,000. Na akanionyesha kwenye kompyuta kwamba hiyo wanayoiita 2, ukiipima kwa salio, ni karibu 3.5 kwa mwezi. Nilikuwa naona "thamani ya leo ya hela ya kesho" ni mashairi.

Nikaenda na karatasi yake kwa afisa wao. Hakubisha namba, alisema tu ndio utaratibu wao. Msimu unaanza Novemba na mzigo nauhitaji, kwa hiyo sijakataa bado.


Dada_wa_Mbao (Mafinga)

Mama, kuhusu mbegu: kama msambazaji amekubali kubadilisha nusu, kwa maandishi au hata ujumbe wa WhatsApp, hasara ni laki nne na faida ni tano, umeshinda. Kama ni mazoea tu na mwaka huu hujamuuliza, mwanao ndiye yuko sahihi, ni 4.6. Mpigie leo. Na zisikae rafuni pamoja na nzima, TOSCI, wakaguzi wa mbegu, wakipita hawataki hadithi ya msambazaji.

Kuhusu mkopo, muulize afisa swali ambalo halipo kwenye karatasi: siku ya kupokea, milioni 6 inaingia yote? Wengi wanakata ada ya mkopo na bima hapo hapo. Wakikata asilimia 3 unapokea 5,820,000 lakini unarejesha 620,000 zilezile, na ile 3.5 ya kijana inakuwa 4 kwa mwezi. Mwambie aweke 5,820,000 kwenye fomula yake aone.

Kisha linganisha na kile utakachozalisha nayo. Faida ya milioni 5 kwa mtaji wa 14 ni kama asilimia 3 kwa mwezi, na hapo wewe mwenyewe hujalipwa mshahara. Mkopo wa asilimia 4 kununua mzigo utakaoutoa mali kauli mpaka Julai haukulipi. Wa kununua mzigo wa kuuza taslimu Novemba na Desemba unaweza kulipa, mradi uuzungushe zaidi ya mara moja. Kabla ya kusaini, mwambie akutolee kwenye daftari la madeni majina ya wanaolipa ndani ya msimu, na ya wasiolipa. Hiyo ameshaanza jana usiku, amalizie tu.